Goti la Baba na Feni za Mjerumani

Baba,

Leo nimekukasirikia, na hasira yenyewe haijaisha ninavyoandika. Wewe ulipenda mtu aseme neno lake kwanza, salamu baadaye, basi salamu zako zitakuja. Gari lako nusura limuue Mama leo asubuhi. Hapana, si gari. Ni wewe na siri yako ndogo ya kijinga.

Tangu tukuzike, miezi mitano sasa, mimi ndiye ninayempeleka Mama hospitalini Parklands kila Jumanne na Ijumaa. Damu yake bado inasafishwa kwa mashine. Kilichobadilika ni saa. Zamani tulikuwa tunatoka Waithaka alfajiri, barabara haina magari. Kuanzia leo wametupa saa nne, na ukichelewa robo saa kitanda anapewa mwingine. Unakumbuka ile mara moja alipokosa mashine, akalala ameketi, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi na gunia mgongoni? Daktari aliniambia wazi kwamba sasa hana nguvu ya kukosa tena, hata siku moja.

Na Mjerumani, hilo gari lako la Ujerumani, nimemtunza, usidhani sikumtunza. Najua vile ulivyompenda. Yule mzee wa mtaa wa Karen uliyemwendesha miaka yote ile alipohama nchi akakuachia gari lake, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa hadi milangoni, ukalileta Waithaka ukiliendesha polepole ili hata kuku wakuone. Watu wa kanisa wakasema litakumaliza, gari la tajiri kwa mfuko wa dereva. Ukawajibu, "Hii gari hakuna kitu imeguzwa. Kila kitu ni orijino." Uliwaambia hivyo kila Jumapili, hata wale ambao hawakuuliza.

Baada ya mazishi nililipeleka kwa fundi wa Kawangware. Akaosha rejeta, akatia maji mapya yale ya kijani, akachukua waya akaunganisha feni za kupoza injini moja kwa moja na betri. Zote mbili zikazunguka. "Madam, feni ziko poa," akasema. Nikamshukuru nikaenda zangu. Kumbe feni kuwa nzima ni jambo moja, na kuwaka zenyewe ni jambo lingine.

Leo tulipofika Lavington magari yalikuwa yamesimama. Hayasongi mbele, hayarudi nyuma. Saa tatu na robo. Mama kiti cha nyuma, miguu imevimba, mkoba mapajani, macho dirishani. Mimi macho kwenye mshale wa joto. Unajua hukaa katikati pale, hausogei. Leo ukasogea. Nikajiambia naona vibaya. Nikatazama tena, umeongeza. Nikazima redio, sijui kwa nini, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha injini.

Nikafanya ulivyonifundisha. "Likianza kuchemka fungua hita, wacha hiyo joto ikuje kwako." Nikaifungua yote. Upepo wa moto ukajaa gari zima. Nikashusha vioo, na huko nje nako jua na moshi wa lori. Mama akaanza kutokwa na jasho, akafungua kitambaa cha kichwa.

"Nekesa, mbona unanichoma?"

Nikamwambia ni jua, Mama. Nilimdanganya mgonjwa, Baba, nikimtazama usoni kwenye kioo.

Mshale ukagusa ile sehemu nyekundu nikazima injini. Nikafungua boneti. Feni zote mbili zimelala. Joto lote lile na hata hazitikisiki. Jamaa mmoja anayeuza maji ya chupa kati ya magari akaja mbio, akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha rejeta amwage maji. Nikampiga huo mkono. Nilisikia sauti yako kabisa: "Rejeta ikiwa na hasira usiifungue mdomo, itakutemea." Akaniita mwendawazimu.

Nikarudi kuketi. Nikapiga hesabu. Gari lingine haliwezi kutufikia, njia imeziba. Pikipiki Mama hawezi kupanda na miguu ile. Nikingoja injini ipoe, kitanda kimekwenda. Nikiwasha tukaendelea hivyo hivyo, injini inakufa kabla ya Westlands na bado kitanda kimekwenda. Saa tatu na nusu.

Naye, bila kujua lolote, akasema polepole, "Hapa ndipo goti la baba yako lilikuwa linamsumbua. Goti lake lilichukia jam."

Baba, niligeuka nikamtazama.

Ni kweli. Nilikuona mara ngapi? Foleni ikisimama, unainama kidogo, mkono unaingia chini ya usukani, unajishika goti, unasema "aah". Tukianza kwenda vizuri, unainama tena. Barabara ikiwa wazi hujishiki goti, hata tukienda mpaka Naivasha. Ukitembea hukuchechemea. Kanisani ulipiga magoti mawili na kuinuka kabla ya vijana. Na mimi, mtoto uliyemsomesha, nikakununulia dawa ya kuchua.

Nikawasha injini, nikashusha mkono pale goti lako lilipokuwa. Nikapapasa. Plastiki, plastiki, waya umefungwa kwa selotepu, kisha kitu kidogo cha mviringo. Swichi. Nikabonyeza.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha huko mbele feni zikanguruma zote mbili, gari likatikisika, na yule muuza maji akaruka nyuma. Nikakodolea mshale macho. Ukasimama. Ukakaa umesimama muda mrefu sana. Halafu ukaanza kushuka, kidogo, kidogo, na magari yaliyo mbele nayo yakaanza kusonga.

Mama akauliza nimefanya nini. Nikamweleza. Tulipokaribia Westlands akasema, "Kwa hivyo miaka miwili nimekuwa nikichua goti zima?"

Akacheka. Baba, sijamsikia akicheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka akashika kiti changu, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaendesha nikilia vilevile, machozi na jasho la hita pamoja. Kila usiku, akasema, ulimnyooshea mguu ukakunja uso. Na mimi ndiye niliyeandika historia yako ile iliyosomwa kaburini, mbele ya wajomba wote: "Alivumilia maumivu ya goti bila kulalamika." Watu wakaitikia amina.

Tulifika saa nne na dakika ishirini. Muuguzi alikuwa ameshalitaja jina la mgonjwa mwingine. Akatuona tulivyolowa jasho, akatazama saa, akampa Mama kitanda chake.

Sasa ninaandika nikiwa ndani ya gari, nje ya hospitali, Mama yuko kwenye mashine. Nilimpigia fundi simu nikamweleza. Akasema kile kifaa kinachopima joto na kuamrisha feni kitakuwa kilikufa zamani, na aliyefunga swichi hiyo alijua kazi. Najua ni wewe. Selotepu imezungushwa mara tatu, kama unavyofunga kila kitu. Ulikubali uonekane mzee wa goti bovu kuliko gari lako lionekane lina kiraka. Nani angekucheka, Baba? Sisi? Mimi ningekushikia tochi ukifunga hizo nyaya. Ningefurahi kuambiwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mshale.

Haya, salamu zako. Mama ni mzima kiasi. Jirani wa lango jeusi anakuulizia kwa mazoea, kisha anakumbuka. Viatu vyako vya kanisani bado viko mlangoni, hakuna aliyethubutu kuviondoa. Mimi nimezoea kila mtu kuniita Nekesa. Hakuna tena anayeniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nimechukua plasta ya kidonda kwenye mkoba wa Mama, nimeandika FENI kwa kalamu, nimeibandika juu ya dashibodi, kwenye zile mbao zako, na mshale unaoelekeza chini. Inaharibu sura, najua. Itakaa hapo hapo. Naahidi kwamba Mama hatakosa mashine kwa sababu ya kitu ninachokijua mimi peke yangu, na nikimfikisha nyumbani leo nitamwambia kwamba kilichomchoma hakikuwa jua bali hita.

Kile kikopo cha dawa ya kuchua kimebaki nusu. Mama amesema nisikitupe, anataka kukiona.

Lala salama, Baba. Goti lako nimelipata.

Kukhu wako