Bolti Kumi na Nane za Landrova

Jumatatu, 6 Oktoba
Nilipoteza injini ya Landrova yangu Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, kwenye mpando wa kutoka Mombo. Aliyekuwa akiendesha ni Rajabu, mume wangu. Anasema ilizima yenyewe. Lori la mbao lilivuta gari mpaka hapa Lukozi. Yeye alishukia Lushoto, kwa mama yake. Hajarudi.

Leo nimemwaga oili. Imetoka kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Nikaosha mikono, nikapika ugali, nikala. Sihisi kitu.

Jumanne, 7 Oktoba
Mfuniko wa rejeta haupo. Pameshindiliwa gunzi la mahindi. Ndani kuna mchanga na majani yaliyooza. Maji ya kijito hayo. Ya huku milimani yanauma meno kwa baridi. Ukiyamwaga kwenye injini inayochemka, chuma kinapinda. Nimemwambia mara ngapi: simama dakika arobaini, ipoe. Lakini Rajabu anaona aibu kusimama. Watu wakipita wanamcheka na gari lake la kizee.

Lake! Nililinunua kwa viazi vya misimu saba.

Nimetoboa matundu kumi na nane kwenye boksi la sabuni, kila bolti ya hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na tundu lake. Ya kumi na nne imegoma. Nimeiachia mafuta ya taa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bolti imetoka jana. Hedi iko nje. Imepinda. Nimeipima kwenye mizani ya viazi: kilo 31. Nikaifunga khanga, bodaboda mpaka Lushoto ikachongwe. Fundi kacheka: "Mama, mgonjwa huyu mbona hakohoi?" Sikucheka. Imechongwa nusu milimita.

Nikapita kwa mama mkwe. Shikamoo, marahaba. Rajabu hayupo, katoka. Mzee wa watu hana siri: "Mwanangu, mumeo siku hizi anakula wali kwa kijiko, kama afisa. Mkono wa kulia kauficha kwenye koti."

Basi. Alifungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado moto, mvuke ukamuunguza. Ndipo akamwaga maji kwa hasira. Nyumbani ningempaka asali. Kaona bora anifiche.

Kilichoniuma si injini. Injini nimeifungua mara tatu maishani, na hakuna aliyenifundisha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ukungu mchana kutwa. Gasketi mpya, mfuniko mpya. Bolti nimekaza kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu, bila kuruka hata moja. Vidole vimekufa ganzi. Na mimi pia.

Kabichi zimeanza kupasuka. Matuta tisa kati ya arobaini. Jumanne lazima zishuke Mombo. Nimeamua: akisema kweli, arudi nyumbani, usukani wake. Akinidanganya tena, abaki kwa mama yake. Nitashusha mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba
Imewaka mara ya tatu. Nimeiacha ingurume saa nzima. Maji hayajapungua, oili safi. Jirani kapiga makofi ng'ambo ya uzio. Nimemwinulia mkono.

Nimekaa kizingitini na simu. Nimefuta ujumbe mrefu mara mbili. Nimetuma huu:

Rajabu, ulimwaga maji baridi injini ikichemka? Ndiyo au hapana. Usinipigie, usimtume mtu. Andika neno moja, kesho kabla ya saa sita mchana.