Hakuna Tena Anayefuata Dau la Mjomba

Mtaa wa Juniper,
Elko, Nevada.
13 Februari 2019

Mpendwa kaka Beñat,

Hujambo huko Fairbanks? Leire na watoto hawajambo? Nimesikia baridi ya kwenu mwaka huu inapasua mabomba hadi ndani ya nyumba, nami nawaombea yenu yasalimike. Sisi huku tuko, tunasukuma siku. Goti langu linauma nikikaa sana, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kukaa. Theluji imefunga barabara ya Lamoille mara mbili wiki hii.

Mjomba, baba yako, anakula vizuri. Jumapili alimaliza sahani mbili za mchuzi wa kondoo, kisha akalalamika kwamba nimebania kitunguu saumu. Nimelitanguliza hilo makusudi, ili usije ukadhani naandika kwa hasira au natia chumvi.

Kaka, mzee anapotea. Sisemi anapotea njiani, ingawa na hilo naliogopa. Anapotea akili, kidogo kidogo, na nimelijua tangu Oktoba bila kukuambia.

Najua utasema unaongea naye kila Jumapili na unamsikia mzima. Ni kweli. Kwenye simu hata mimi angenidanganya. Atakuuliza habari za ndege unazotengeneza, atakutania juu ya upara, mtaagana. Mimi nimemwona mahali ambapo hawezi kujificha, kwenye meza ya karata.

Unakumbuka alivyotufundisha poka tukiwa wadogo, tukichezea maharage. Alikuwa mpima uzito wa ng'ombe mnadani, na karata alizicheza kwa mizani ileile. Alisema kwenye meza za dau dogo watu hawaji kushinda, wanakuja kuona karata. Kila mtu anaingia kwa dola tatu zake akitumaini zile karata tatu za mezani zikifunuliwa zitampendeza. Kwa hiyo wewe usiingie kwa dola tatu. Ukiwa na karata mbovu, tupa. Ukiwa na nzuri, pandisha kabla hakijafunuliwa kitu: dola kumi na tano, na uongeze tano kwa kila mtu aliyeingia kabla yako. Ukipandisha kidogo watakufuata wote, na ree zako mbili, karata kubwa kuliko zote, zitapambana na watu sita wenye takataka, na mmoja wao lazima atabahatika. Ukipandisha sawasawa, atakufuata mmoja tu, naye atajuta. Miaka ishirini na mbili nimegawa karata katika chumba cha poka cha kasino, na sijaona mtu aliyeshika kanuni hiyo kama yeye. Wenzake walikuwa wanaitania: "Fermín kapandisha, mwiteni padri!"

Sasa sikiliza. Oktoba, kwenye mchezo wa asubuhi za Jumanne na Ijumaa, ule wa wastaafu, watu watatu waliingia kabla yake, naye akasukuma sarafu za dola kumi na tano. Ilipaswa kuwa thelathini. Wote watatu wakamfuata, akapigwa. Nikajiambia ni uzee, nani hakosei hesabu.

Wiki iliyofuata alipandisha, na zamu ilipomrudia akauliza, "Nani kapandisha?"

"Wewe, mzee!" Clyde Hafen akamjibu, yule aliyefanya kazi mgodini na baba yangu. Meza nzima ikacheka. Mjomba naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikaona anavyozitazama zile sarafu kama za mtu mwingine.

Novemba akawa anapandisha na karata zozote. Saba na mbili, za rangi tofauti, mbovu kuliko zote! Mara dola arobaini, mara kumi. Siku moja aliniita Graciana, jina la marehemu Mama, akaniomba nimpe kahawa.

Na mimi sina la kufanya, Beñat. Mgawa karata haruhusiwi kumwambia mchezaji neno juu ya karata zake. Nakaa pale, nampa karata mbili kwa mkono wangu, namwona anakosea, nazoa sarafu zake nampelekea aliyeshinda. Kisha nagawa tena.

Alikuja kijana mmoja wa mgodini, Kip, ambaye huwa na mapumziko siku ambazo wengine wako kazini. Huyo alimsoma baada ya saa moja. Akawa anamngojea mjomba apandishe, kisha anapandisha juu yake mara tatu. Sikumchukia. Mjomba mwenye akili zake angemfanyia mtu vilevile na kuja kutusimulia mezani.

Nilikwenda kwa meneja, Ruckman, nikamwomba amzuie.

"Nimfungie mlango kwa kosa gani?" akaniuliza. "La kucheza vibaya? Basi Maite, nifunge chumba kizima."

Nilimpeleka kwa daktari pia. Nilimdanganya kwamba ni mambo ya moyo. Alijibu maswali yote, akataja tarehe, akahesabu kutoka mia moja kwenda chini kwa kutoa saba, haraka kuliko muuguzi mwenyewe. Daktari akasema turudi baada ya miezi sita. Kwenye gari mjomba aliniambia, "Usinifanyie hivyo tena." 

Mwezi uliopita jambo likabadilika. Mjomba akawa anashinda. Si kushinda kwa maana, ni kuzoa zile dola tatu tatu za walioingia, kwa sababu kila alipopandisha, wote walitupa karata. Siku ya kwanza sikuelewa. Siku ya pili nilimwona Dorthea Pruitt, aliyekuwa dereva wa basi la shule, anatupa karata kabla hata hajazitazama, nikaelewa. Walikuwa wamepatana wamwachie ashinde.

Huo ni wizi, kaka, kwa sheria za mchezo. Wachezaji hawaruhusiwi kupatana juu ya mtu, hata kwa kumhurumia, na kazi yangu ni kumwita Ruckman. Sikumwita. Kip alipoanza kuuliza maswali, Dorthea alimtoa nje penye maegesho, wakakaa huko kama dakika kumi. Kip aliporudi, naye akaanza kutupa. Wiki tatu mjomba alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Halafu ikaja Ijumaa iliyopita.

Dorthea aliingia, Clyde akaingia, Kip akaingia. Mjomba alizitazama karata zake, akawahesabu watu kwa kidole, polepole, akasukuma thelathini. Thelathini kamili! Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba apandishe sawasawa.

Wakatupa wote watatu.

Mjomba hakuzoa kitu. Alizifunua karata zake mezani, ree ya kopa na ree ya shupaza.

"Watu watatu," alisema. "Na hakuna hata mmoja anayefuata? Dorthea, wewe tangu nikujue hujawahi kutupa karata kwa dola thelathini."

"Leo sina bahati, Fermín."

"Hukuzitazama."

Dorthea akainamia kikombe chake. Mjomba akamgeukia Clyde, Clyde akajifanya anatafuta miwani. Kisha akanigeukia mimi.

"Maite, hawa watu wananifanya nini?"

Haruhusiwi kuongea, mgawa karata. Safari hii sheria ilinifaa, nami nikajificha nyuma yake. Alinitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Hali yangu ni mbaya kiasi hicho?" Akavaa kofia, akatoka, sarafu zake zote akaziacha. Nilipopata nafasi ya kumfuata nilimkuta amekaa ndani ya gari upande wa abiria, ananingojea nimpeleke nyumbani. Njia nzima alinishika mkono wa koti kwa vidole viwili.

Usiku huo nililia, lakini nilipata na nafuu. Nilisema angalau sasa anajua. Jumamosi tutakaa, tutakupigia pamoja, tutapanga. Jumamosi aliamka, akaniuliza kama tumeuza lile gari la zamani. Ya Ijumaa hakuyataja. Nikangoja Jumapili, nikangoja Jumatatu.

Jana Jumanne saa nne asubuhi alikuwa kwenye kiti chake mezani, amenyoa, amechangamka. Akapandisha arobaini, na mbele yake hakuna aliyeingia. Wote wakatupa. Akazivuta zile dola nne ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya kugawiwa, kuelekea kifuani, akanikonyeza.

"Unaona, mpwa wangu? Siku hizi wananiogopa."

Dorthea aliinuka akaenda chooni. Mimi nikagawa.

Sijui nikuombe nini. Ukija, utamkuta mzuri siku mbili na utarudi ukidhani nina wazimu. Usipokuja, sina wa kumuuliza. Kumwambia ukweli ni kumpa ile Ijumaa tena na tena. Kutomwambia ni hivi tulivyo. Njoo tu, kaka, hata bila jibu.

Nisalimie Leire, wabusu Ander na Nahia, na shemeji Gaxuxa kama bado yuko kwenu. Clyde na Dorthea wanakusalimu. Mungu awafunike na awape njia nyepesi.

Mjomba amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani. Nilipomwambia, ameniagiza nikuandikie kwamba yeye ni mzima kabisa na usiwe na wasiwasi. Akasimama nyuma yangu mpaka nikaandika.

Ni mimi dadako, anayekupenda na kukungoja,

Maite