Sauti ya Migombani

Kisii,
5 Septemba 1971

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini nawe u mzima na mgongo umekuruhusu kwenda kuchuma chai. Nilifika shuleni salama. Zile ndizi ulizonifungia ziliiva zote kwa pamoja, ikabidi niwagawie walimu wenzangu, nao wakakusifu kana kwamba wanakujua.

Nakuandikia hasa juu ya lile jambo letu. Klarineti niliyokuwa nikipuliza jioni kule migombani si yangu. Ilifungiwa stoo ya shule tangu yule Mzungu aliyeanzisha bendi arudi kwao, nami niliichukua likizo ya Agosti bila kumwomba mwalimu mkuu. Sasa nimeona tangazo gazetini kwamba chuo kikuu Nairobi kitakuwa na mafunzo ya klarineti, Jumamosi na Jumapili, tarehe 23 na 24 Oktoba. Kila mtu aje na chombo chake. Nimeomba nafasi. Mwalimu mkuu akijua kabla ya hapo nitaitwa mwizi, na kazi ya ualimu itakuwa imekwisha. Kwa hiyo tafadhali usimwambie mtu, hata mama mdogo Orpah wa Kiogoro.

Mwanao,
Ogari

Nyamira,
17 Septemba 1971

Mwanangu Ogari,

Hujambo? Mimi sijambo, mgongo ndio una mambo yake. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike, kwa hiyo ukija utakunywa chai ya maziwa kama watu wa ofisini.

Nimekusikia na nimekuahidi. Siri zako nimezitunza tangu ulipokuwa ukila sukari ya wageni, hii nayo haitanishinda.

Ila ujue watu waliisikia. Hukupuliza kwa siri kama ulivyodhani. Ile sauti nene ya chini, unayoivuta mpaka mimi niliye jikoni naishiwa pumzi, ilifika hadi kituo cha chai. Nyamoita, mke wa baba yako mdogo, ameniuliza ni nini kilichokuwa kikilia kwangu kila jua likizama. Nikamwambia mimi ni mjane, kwangu hulia tumbo tu. Hakucheka. Mtoto wake Marion ana homa tangu juzi, umkumbuke katika maombi.

Mama yako,
Persis

Kisii,
26 Septemba 1971

Mama mpendwa,

Salamu sana. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi ni mzima, na zaidi ya mzima, kwa maana wamenikubali. Barua imekuja na muhuri wa chuo kikuu, nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Kuhusu ile sauti, Mzee Nyasani wa kanisani kwetu aliniuliza na mimi siku ile alipokuja kukusalimu. Nilimwambia sikusikia kitu, labda ni ndege. Kwa hiyo tusipingane. Wakiuliza tena, nawe hukusikia. Watu watasahau, sasa ni msimu wa kupalilia.

Mpe pole Nyamoita.

Mwanao,
Ogari

Nyamira,
5 Oktoba 1971

Mwanangu,

Hujambo? Leo sitasema sijambo.

Marion tulimzika juzi. Nilipeleka maziwa na unga kama inavyopasa. Nyamoita hakuyapokea. Nilipokaa kwenye benchi, wanawake waliinuka mmoja mmoja, huyu anaenda kuangalia moto, yule anaenda kuchota maji, mpaka nikabaki peke yangu na sufuria yangu ya maziwa.

Unajua wanasemaje? Sauti ilitoka kwa Persis. Mwanawe, mwalimu mzima, alikuwa boma hilohilo na hakuisikia. Basi ni sauti inayosikiwa na wale tu inaowaita. Ogari, uwongo wako ulikuwa mdogo, lakini mimi ndiye ninayeubeba. Neno omorogi, yaani mchawi, bado halijatamkwa mbele yangu. Linatamkwa nikishapita. Hujamsahau yule mama wa ng'ambo ya mto, na jinsi nyumba yake ilivyowaka naye akiwa ndani. Alikuwa akisali kanisa letu, na waliowasha moto pia walikuwa wakisali humo.

Naogopa. Nimeliandika ili usije ukasema sikukuambia. Njoo Sabato hii na hicho chombo, ukipulize mchana mbele ya kanisa lote. Watacheka na yataisha. Na hayo mafunzo ya Jumamosi, kwani Sabato huko Nairobi huangukia siku gani?

Mama yako,
Persis

Kisii,
11 Oktoba 1971

Mama mpendwa,

Salamu na pole nyingi. Barua yako ilinifikia Ijumaa magharibi, nisingeweza kupata gari la kuniwahisha Sabato. Sijalala vizuri tangu hapo.

Lakini fikiri nami. Mzee Nyasani na mwalimu mkuu wangu wamo katika baraza moja la kanisa. Nikipuliza hapo Jumamosi, Jumatatu naitwa ofisini, na hiyo Nairobi sitaiona kamwe. Nimeipenda kazi hii ya kupuliza kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, Mama. Sijui nikuelezeje. Zimebaki siku chache tu. Nikirudi nitakuja Sabato ya tarehe 30, nimweleze kila mtu, na nitakayoyapata nitayapokea.

Kwa sasa nenda Kiogoro ukakae na mama mdogo Orpah. Nakuomba uendelee kunyamaza mpaka hiyo Jumapili ipite.

Mwanao,
Ogari

Nyamira,
19 Oktoba 1971

Mwanangu Ogari,

Nakusalimu. Afya yangu ni ileile.

Kiogoro siendi. Nikiondoka sasa watasema nimekimbia, na nikirudi sitakuta paa. Mbwa wetu nimemkuta asubuhi mlangoni amekufa, kichwa kimegeuziwa ndani ya nyumba. Chai yangu kituoni waliipima wakaiweka kando, hakuna aliyetaka ichanganywe na yake.

Leo Mzee Nyasani amekuja. Amenisalimu kwa adabu sana, hakukaa, hakunywa chochote. Amesema Jumapili baada ya chakula cha mchana wazee watakuja na vijana, niwaonyeshe kinachokaa migombani kwangu. Vijana walitaka iwe Jumamosi, akawakataza kwa sababu ni Sabato. Nikamshukuru.

Kidogo nimwambie yote. Lakini ningemwonyesha nini? Sanduku la klarineti liko kwako, na wewe ulimwambia kwa mdomo wako kwamba hukusikia kitu. Neno langu sasa ni la mwanamke anayejitetea. Lako lingetosha. Tena nilikuahidi, na wewe hujanifungua.

Ndama na mama yake nimewapeleka kwa Orpah. Shati lako jeupe nimelifua, nalo liko kwake.

Kesho ni sikukuu na posta imefungwa, lakini Ijumaa barua hii itakuwa shuleni kwenu. Acha hayo ya Nairobi, mwanangu. Njoo na sanduku. Ukishindwa, mpe dereva wa basi la asubuhi kikaratasi chenye mkono wako, nimwonyeshe Nyasani kwamba ni wewe. Jumapili nitakaa uwanjani tangu asubuhi. Sitaki wanikute ndani ya nyumba.

Mama yako,
Persis

Nairobi,
Jumapili jioni, 24 Oktoba 1971

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka chuo kikuu. U mzima? Mimi ni mzima mno. Niliondoka Kisii Alhamisi, nikalala kwa rafiki, kwa hiyo kama uliniandikia, barua yako inanisubiri shuleni na nitaisoma kesho kutwa. Nadhani umeshatulia Kiogoro na Orpah anakuchosha kwa maneno.

Nimeivunja Sabato, unisamehe. Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi ni wa bendi ya polisi, na sista mmoja Mkatoliki aliyetushinda wote kwa vidole. Mwalimu wetu ni mama wa Kizungu mwenye mvi. Jana alitazama kile kipande cha mwanzi kinacholia mdomoni mwa klarineti yangu, akakuta kina ufa, akanipa kipya. Ungesikia tofauti yake.

Leo baada ya chakula cha mchana alituweka mstari, akasema tupulize sauti ya chini kabisa, kila mtu aivute mpaka pumzi imwishie. Wakaanza kukatika, polisi mmoja baada ya mwingine. Nikabaki mimi. Ukumbi mzima ulikuwa ukinisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza nilijifunzia wapi kushika pumzi hivyo. Nikamwambia, migombani nyuma ya nyumba ya mama yangu, kila jua likizama, Agosti yote. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia mtu mwingine zaidi yako. Mama, wote walipiga makofi.

Kisha akaniandikia barua ya kumpa mwalimu mkuu, akimwomba anikabidhi vyombo vyote vya stoo nifufue bendi. Hakuna wa kuniita mwizi tena.

Basi nakufungua. Mwambie Nyamoita, mwambie Mzee Nyasani, mwambie yeyote atakayeuliza, kwamba ni mimi niliyekuwa napuliza na ni mimi niliyedanganya. Sabato ijayo nitakuja na sanduku, nitapuliza mbele ya kanisa, na wewe utakaa benchi la mbele kabisa.

Niandikie upesi nijue umeipata hii.

Mwanao,
Ogari