Moto Uliokatazwa kwa Jina Lako

S.L.P. 214,
Morogoro.
22 Septemba, 2010.

Mpendwa Mjomba Mansuri,

Shikamoo mjomba. Habari za Kigoma? Mguu wako unaendeleaje, na mama Mwanahawa presha yake imetulia? Sisi huku miili ni mizima. Roho ndizo hazijatulia, na wewe umo humo humo bila kujua.

Dada yako Raya, mama yangu, hajambo. Mlima anapanda na kushuka, magoti yanalia yeye hasikii. Lakini mjomba, safari hii amenifanyia jambo!

Kazi yangu unaikumbuka. Kuna setilaiti inapita juu kupima hewa ya kaboni, ile inayotoka kwenye moshi na magari. Sasa nani ajuaye kama inasema kweli? Ndiyo maana mradi umeweka mashine mlimani, karibu na kwetu. Inavuta hewa na kuipima, mimi naandika namba kwenye daftari. Setilaiti ikipita, namba zake zinalinganishwa na zangu.

Mwezi huu imepita siku nne. Kosa langu ni mdomo. Nilimwambia mama kwamba siku hizo wakubwa wote watatazama namba zangu, na mkataba wangu unaisha Oktoba. Siyo kama enzi zenu, mtu anaingia serikalini mpaka pensheni.

Mama akaelewa kuwa mgeni anakuja, na mgeni akija uwanja unafagiwa. Akapita nyumba kwa nyumba kukataza watu wasichome mashamba siku hizo. Walipobisha, akasema Mansuri ndiye aliyekataza. Ardhi ni ya ukoo, na neno la mwisho ni lako wewe mjomba, nani tena afungue mdomo? Upande wetu hakikuwaka hata kijinga kimoja. Ila mvua haimngoji mtu, kwa hiyo wote walishuka bondeni kwenye mashamba ya kukodi wakachoma huko, siku zile zile.

Basi mashine yangu ikasoma hewa safi. Setilaiti, ambayo inaona mlima na bonde kwa pamoja, ikasoma juu sana. Dk. Ernest, mkuu wetu, ameandika ripoti kwamba setilaiti inakosea, na furaha aliyo nayo utadhani kaoa. Ripoti inatumwa Ijumaa. Leo Jumatano.

Nikinyamaza, chombo cha watu kinasingiziwa uongo na mimi napewa mkataba. Nikisema, kazi imeota mbawa, na mama anaaibika mbele ya majirani aliowazuia kwa ajili yangu. Nilimkasirikia mno mama, mjomba, sitakuficha. Halafu nikamkuta anajikanda miguu kwa mafuta ya nyonyo, miguu iliyopita nyumba zote zile, hasira yote ikaniisha.

Jana nikamweleza. Nilitegemea atalia au atanigombeza. Aliuliza tu daftari liko wapi.

Kesho saa mbili asubuhi nitaliweka mezani kwa Dk. Ernest. Nimeandika habari ya moto siku kwa siku, wapi ulizuiwa na wapi uliwaka, na jina langu chini. Jina lako sikuliandika. Mama kuandika hajui, lakini amekataa niende peke yangu; pembeni mwa kila siku aliyokataza moto amebonyeza kidole gumba. Mara nne. Naogopa, mjomba. Niombee dua.

Msalimie mama Mwanahawa, na binamu Issa mwambie asisahau kwao. Chausiku mdogo mbusu shavu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Felista

N.B. Hiyo alama ya wino hapo chini si uchafu, usiifute. Ni kidole cha dada yako. Anakuomba radhi.