Majani Kwenye Kona

Jumatatu, 4 Agosti

Bendera nyekundu ya ujenzi wa barabara mkononi toka saa moja mpaka saa kumi na moja. Vumbi mpaka kwenye meno. Tausi upande ule wa kona, mimi upande huu. Hatuonani. Tunapigiana filimbi, akipiga mbili nasimamisha magari ya kwangu yeye apitishe ya kwake. Malori ya tumbaku kutoka Ipole mengi leo. Dereva mmoja kanitukana, eti bibi unasimamisha wanaume mchana kweupe. Nikamwambia haya pita, ukafie mbele. Akapita. Akakutana na basi pale pale kona. Wakapishana hata karatasi haipiti.

Miguu imevimba. Nimekula ugali wa jana.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nyapara Kulwa katukusanya. Wanakuja wakaguzi wa usalama wa barabara. Siyo watu wa mkandarasi. Siyo wa yule aliyechora. Watu wa nje kabisa. Kasema wakiuliza, kila kitu kizuri. Mwenye mdomo mrefu akauzie karanga sokoni. Akanitazama mimi.

Tausi kauliza, kama kila kitu kizuri wanakuja kukagua nini? Watu wakacheka. Kulwa kampeleka kubeba mawe siku nzima. Jioni mikono yake ina malengelenge na bado anacheka. Huyu mtoto wa Chemchem, Tabora mjini, ana kichwa kibovu. Nampenda.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna kazi.

Kaja shemeji Ndalahwa, mdogo wa marehemu mume wangu Mathayo. Hata maji hakuomba. Amesikia kona ikionekana mbaya itanyooshwa. Ikinyooshwa inapita hapa kwangu. Nyumba iko tumboni mwa kona, mtu yeyote anaona. Itakata jiko, itakata chumba, itakata kaburi la Mathayo.

Kasema: "Ukifungua mdomo wako, umemfukua kaka yangu kwa mikono yako. Na wewe siyo mtu wetu tena."

Kaondoka. Nimepalilia kaburi. Miaka mitatu sasa. Tofali za nyumba hii tulifyatua wawili, mimi na mimba tumboni. Mimba haikukaa. Nyumba imekaa. Siendi popote.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja. Watatu. Mkubwa wao mwanamke, injinia, kavaa buti kama za jeshi. Hakukagua kwa gari. Katembea kona nzima kwa miguu, akaenda akarudi. Akachuchumaa barabarani aone kwa urefu wa mtoto. Kulwa nyuma yake kama mbwa anayenusa mfupa. Injinia akamwambia baba, tupishe, nataka kuongea na watu wa bendera peke yao. Kulwa masikio yaliwaka.

Kaniamkia shikamoo. Injinia mzima. Nikaitikia marahaba, nikajisikia vibaya, maana nilishajua nitakachosema.

Nikamuuliza nyie mmetumwa na nani. Kasema sisi hatukuichora na hatuijengi. Mpishi hasemi ugali wake mbichi. Ndiyo tunaitwa tuonje sisi.

Halafu akauliza: "Mama, hapa wewe ndiye unayeshinda. Magari yanakoswakoswa? Kuna mtu ameumia?"

Nikasema hapana. Madereva wanapaheshimu. Tangu nianze hata kuku hajagongwa.

Uongo. Mwezi wa sita tu zimegongwa baiskeli mbili. Mzee wa asali alivunjika nyonga, amelala mpaka leo, madumu yake yalipasuka nyuki wakaja wakamtembea usoni. Niliona kwa macho.

Akaandika. Akauliza watu wanatembea wapi, maana pembeni hakuna nafasi, ukingo unashuka ghafla. Nikasema tumezoea.

Tausi naye kaulizwa kule kwake. Jioni kaniambia: "Nimesema kama wewe. Najua shemeji yangu Mathayo kalala wapi. Ila Mungu akiniuliza, dada, nakutaja jina."

Tumecheka njia nzima.

Alhamisi, 28 Agosti

Ripoti imefika kwa wakubwa. Kulwa katusomea anachotaka yeye. Kona inabaki. Lakini waweke alama za kona pande zote, vyuma vya pembeni, na sehemu ya watu kutembea. Kulwa kasema alama ziko njiani zinatoka Dar.

Shemeji kaleta kuku. Kaniita shemeji tena.

Jumatatu, 8 Septemba

Lami ya kona imekamilika. Nyeusi, laini. Zamani mashimo yaliwashika madereva miguu. Sasa wanakuja kama wamerushwa kwa manati.

Sisi tumehamishiwa mbele, mwendo wa kilomita moja. Kona imebaki peke yake. Hakuna bendera, hakuna alama. Nimemuuliza Kulwa alama ziko wapi. Kasema, si wewe ulisema hata kuku hagongwi? Mbele ya watu wote. Wakacheka mpaka wapishi.

Nikaokota bendera yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Breki nazisikia mpaka chumbani. Kila breki nasimama. Leo jioni basi limepanda ukingo. Halikuanguka. Abiria wameshuka wanalia, mama mmoja anatapika kwenye karanga zangu nilizoanika. Kondakta anamtukana dereva, dereva anatukana kona.

Nimechukua panga nimekata matawi ya mti wa mtundu. Nimelaza malundo mawili barabarani, moja huku moja kule, kila moja kwenye njia ya gari linaloingia kona. Kama wanavyofanya gari likifa. Majani kila dereva anayajua. Akiyaona anapunguza.

Nimemwambia Tausi tu. Kasema hongera Waziri wa Matawi.

Alhamisi, 11 Septemba

Yanafanya kazi. Malori yanapunguza. Nimelala mpaka jogoo.

Ijumaa, 12 Septemba

Majani yamenyauka. Nimekata mengine, makubwa zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Tausi amekufa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimerudi kutoka Tabora. Tumemzika mchana.

Naandika ilivyokuwa. Jana tulitoka kazini saa kumi na moja kasoro. Mimi nilibaki kurudisha makoleo. Yeye akatangulia, anaimba. Chumba alichopanga kiko mbele ya kwangu, lazima apite kona. Alitembea kulia. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, tembea kulia uyaone magari yanayokuja. Tausi alikuwa hashiki sheria hata moja. Hiyo aliishika.

Lori la tumbaku likatoka nyuma yake.

Nilipofika dereva amekaa chini. Kijana tu. Anarudia maneno hayo hayo kwa kila mtu: "Niliona majani. Nikajua kuna gari limekufa mbele kwenye kona. Nikahama upande mapema nilikwepe."

Alihamia kulia. Kulia yuko Tausi.

Gari lililokufa halikuwepo. Kulikuwa na matawi yangu.

Na mimi nimekulia njia hii. Najua dereva akiona majani anafanya nini. Hapunguzi tu. Anapunguza halafu anahama. Nimeona mara mia. Sikufikiri.

Watu wakauliza nani kaweka majani hapa. Nikaanza kuyaondoa. Mtu mmoja akasema huyu mama ana moyo, anasafisha njia.

Polisi wakamchukua dereva.

Leo msibani mama yake Tausi kanikumbatia. Kasema wewe ndiye dada yake, alikuwa anakusema kila akija. Akanipa kanga yake nijifunge. Nikaifunga.

Jumatano, 17 Septemba

Kulwa kaja na karatasi. Imeandikwa Tausi alikuwa anaongea na simu, hakusikia lori. Mashahidi tusaini. Simu ya Tausi ilitumbukia kwenye pipa la maji wiki mbili kabla. Sote tunajua, tulimcheka.

Wamesaini wanne. Wa tano mimi.

Ndiyo. Nimesaini. Kulwa kasema safi mama, wewe mtu mzima unaelewa.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Shemeji kapita kuuliza kama nimesema kitu. Siyo kama nimekula.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wanasema barabara itafunguliwa rasmi karibuni. Wamepaka mistari myeupe. Alama bado. Kwenye damu waliweka mchanga, mchanga umepeperuka.

Jamaa mmoja kazini kaimba wimbo wa mtu aliyekufa na simu sikioni. Wakacheka. Nimempiga na mti wa bendera mdomoni. Kapasuka mdomo. Kulwa kasema nikirudia naondoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Yule injinia karudi. Kumbe kazi yao wanaifanya mara nyingi, na kabla ya kufungua lazima warudi. Katembea tena kona kwa miguu. Kulwa kamwambia ajali ilikuwa uzembe wa marehemu, ushahidi upo, kumi kwa kumi.

Nimetoka kwenye mstari. Bendera nimeiweka chini.

Nimesema yote. Baiskeli. Mzee wa asali. Breki. Basi. Majani niliyaweka mimi. Simu ilikuwa mbovu. Karatasi nimesaini uongo. Nyumba yangu ile pale, ndiyo maana.

Kulwa akadakia eti huyu mama hana elimu, na mjane huyu kichwa kimemruka. Injinia hakumtazama.

Nilitegemea anipe pole au anitukane. Hakufanya hata kimoja. Kauliza majani yalikuwa hatua ngapi kabla ya kona. Nikampeleka. Akapima. Akauliza kama niko tayari kusema hayo polisi. Nikasema niko tayari.

Mwisho akasema: "Ulinidanganya."

Nikasema ndiyo.

Akasema: "Na mimi kona niliiona kwa macho yangu. Nikaandika maneno yako. Hilo ni langu."

Akapanda gari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kulwa kanivua koti la kazi mbele ya watu. Kasema koti ni la kampuni, aibu ni yako. Ndani nilikuwa na blauzi iliyochanika kwapa. Nimetembea hivyo mpaka nyumbani, watu barazani wananitazama.

Niliyempiga mdomo kapiga makofi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Polisi Sikonge. Nimekaa toka asubuhi. Wameandika kurasa tatu. Askari kaniuliza kwa nini hukunyamaza tu mama. Kasema nitaitwa. Sijui kama nitafungwa. Dereva bado yuko ndani. Nimemwona kwa mbali kwenye kivuli, amekonda. Hakunijua mimi ni nani.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji kaja na wazee wawili. Kanitemea mate kifuani. Kasema Mathayo aliokota mzoga akauita mke. Wazee wakageuka wakaondoka naye. Mmoja alikuwa msimamizi wa ndoa yangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Kufungua kumesimamishwa. Wakubwa wamekubali kona inyooshwe. Wapimaji wamekuja na vigingi vyekundu. Kimoja kiko jikoni, karibu na mafiga. Kimoja kimegusa kaburi.

Dereva ameachiwa kwa dhamana. Kesi haijaisha. Mimi shahidi, au mshitakiwa, bado hawajaamua. Karatasi ya simu imefutwa. Kulwa kahamishiwa kazi nyingine, nasikia Igunga, bado nyapara.

Jirani kaniuliza umelipwa na nani utubomolee kijiji. Inabomoka nyumba moja. Yangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Wamemhamisha Mathayo leo. Bwana afya, vibarua wawili, mchungaji. Shemeji alisimama mbali, mgongo ametupa sisi. Vibarua nilifanya nao kazi. Walifukua taratibu, hawakutania. Blanketi tulilomzikia lilikuwa limebaki rangi tu.

Saa nane likaja tingatinga. Nyumba imekwenda kabla chai haijapoa. Mvua ya kwanza ikaanza, tukasimama na opereta chini ya turubai. Kaniuliza nyumba ilikuwa ya nani. Nikamwambia.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwenda Chemchem kwa mama yake Tausi. Polisi hawajamfikia. Nilitaka asikie kwangu.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo ingawa tunalingana. Kanipa kigoda. Nikamrudishia kanga, nimeifua nikaikunja. Nikamwambia yote toka mwanzo. Kwamba nilidanganya. Kwamba Tausi alidanganya kwa ajili yangu. Majani ni mimi. Nilisaini. Sikulia, niliona siyo haki yangu kulia pale.

Mikono yake haikusimama. Chuya huku, mchele huku.

Halafu akauliza: "Yalikuwa majani ya mti gani?"

Nikasema mtundu.

Akasema: "Mtundu."

Akarudia kuchambua. Nikashika upande wa pili wa ungo nimsaidie. Akauvuta kwake, siyo kwa nguvu.

Baadaye kidogo adhana ikapigwa. Akainuka akachukua birika la maji. Mlangoni akasema, bila kugeuka: "Nenda, gari za kwenu zinawahi."

Nikaenda stendi. Gari lilikuwa bado linapakia magunia. Nikasubiri.