Karatasi Niliyomwandikia Rosine

Stechford,
Birmingham.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Sabine,

Pokea salamu zangu nyingi, na za mke wangu Gisèle, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha sisahau kukusalimu. Magoti yanasemaje? Na sukari? Najua utajibu kwamba hujambo hata ukiwa umelala chali, kwa hiyo maswali hayo nimemkabidhi Mama Edah, shemasi wetu anayekuletea barua hii hapo Bujumbura. Yeye atakutazama kwa macho yake na kuniambia ukweli.

Sisi huku ni wazima. Bado niko ghalani nabandika anwani kwenye vifurushi vya watu. Tumbo langu sasa linaingia kazini kabla yangu, na vijana wamenipa jina la Bosi, si kwa cheo bali kwa umbo. Baridi imeanza, na kama kawaida nimeipokea kwa kikohozi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Yaya, simu yako haina siri. Ukitumiwa ujumbe wa sauti unaufungua uwanjani, na wapangaji wote wa Buyenzi wanajua habari kabla wewe hujamaliza kutafuta miwani. Barua hii isome ukiwa peke yako. Ukimaliza ndipo unitukane.

Ni kuhusu Rosine. Kwanza jua kwamba ni mzima, na anakaa kwetu tangu tarehe 17 Septemba. Tulikuambia amekuja kumsaidia Gisèle aliyeumwa mgongo. Tulikudanganya. Mgongo wa Gisèle hauna neno, jana amesogeza kabati peke yake mimi nikimpa ushauri.

Mkwe wako Landry anampiga mtoto wako. Sentensi hiyo nimeijaribu mara tatu kwenye karatasi nyingine nikitafuta namna ya kuipamba, nikashindwa. Basi ikae hivyo.

Alianza mwaka jana, baada ya mtoto wao mdogo Exaucé kutimiza miaka miwili. Rosine alinyamaza, kisha akamwambia Gisèle, Gisèle akaniambia mimi, na mimi nikafanya kile ambacho watu wetu hufanya: nikapeleka jambo kwa wazee wa kanisa. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Unaujua utaratibu wetu. Mume na mke wakikosana, wazee wanawaweka chini na kila mmoja analeta kosa lake. Hakuna anayetoka pale na kosa lote, maana tumezoea kusema kwamba mwanaume akibebeshwa lote atakwenda kulitua mgongoni mwa mke. Tulikuja na utaratibu huo mpaka Birmingham, tukauongezea karatasi na muhuri wa kanisa. Kosa la mume linaandikwa, mke anaitunza karatasi. Kosa la mke linaandikwa, mume anaitunza. Na mwandishi ni mimi, mwaka wa kumi na mbili sasa, kwa sababu ya ule mwandiko uliokuwa ukiwaonyesha majirani nikiwa darasa la tano. Hapo nawe una sehemu yako ya lawama, lakini ndogo.

Tulikaa Jumamosi moja ya Machi, mchana, katika ukumbi tunaokodi kule Digbeth. Landry alikiri makofi mawili. Nikaandika. Ikafika zamu ya Rosine. Akasema yeye hana kosa, labda siku moja chakula kilichelewa. Mzee Daud, mwenyekiti wetu, akatikisa kichwa. Alisema makofi upande mmoja na chakula cha kuchelewa upande wa pili havilingani, na Landry atatoka pale ameaibika, kwa hiyo mama atafute kosa lenye uzito.

Landry alikuwa na bandeji mkononi. Mwenyewe alipoingia alitueleza, tena akicheka, kwamba alipiga ngumi mlango wa jikoni wenye kioo. Mimi, kwa akili zangu za katibu, nikaona hapa kuna kosa ambalo tayari limefungwa bandeji. Nikaandika: Mimi Rosine nilimpiga mume wangu kwa hasira nikamjeruhi mkono, naomba anisamehe. Nikalisoma kwa sauti, na nisikufiche, nikalipenda lilivyotiririka.

Rosine akanitazama. "Mjomba, mimi sikumpiga."

"Najua, mama. Ni maneno ya karatasi tu. Tia sahihi mwende nyumbani kwa watoto."

Akatia sahihi. Yaya, angekuwa mzee mwingine ameshika kalamu angekataa, unakijua kichwa chake, kwa vile kilikuwa chako kwanza. Alitia sahihi kwa sababu ni mimi.

Siku ileile akaichana karatasi ya Landry, makofi yake yote mawili, akatupa kwenye takataka. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba aliyesamehe hatunzi. Landry hakuchana yake.

Septemba alimshika shingo. Rosine akamwambia kwamba safari hii hataki wazee, atakwenda polisi mwenyewe. Alikosea kumwambia mapema. Landry akatangulia yeye. Alikwenda na karatasi yangu, na picha ya ule mkono wenye damu aliyoipiga Machi, akaeleza kwamba mke wake ni mkali, anampiga, na ametishia kumchoma kisu. Wakamtafuta mtafsiri, na mtafsiri huyo akaipa karatasi yangu Kiingereza kizuri kuliko Kiswahili nilichoandika. Rosine alikamatwa asubuhi akitoka kumpeleka mkubwa wao Divine shuleni. Walimhoji, na jioni wakamwachia kwa dhamana, kwa sharti kwamba asimkaribie Landry wala asikanyage ile nyumba ya Balsall Heath.

Watoto wamo ndani ya nyumba ile. Hapo ndipo tulipo, Yaya. Mengine yote ninayokuandikia ni namna mbalimbali za kusubiri.

Tumempata avoka, wakili wa kumtetea. Anaitwa Ushma, Mhindi ambaye wazazi wake walitoka Kisumu, na Kiswahili alifundishwa na bibi yake jikoni, kwa hiyo anakuuliza habari za kortini kwa maneno ya kuchagua nyanya. Ofisi yake iko juu ya mkahawa, na kila tukitoka pale koti langu linanukia bizari mpaka Gisèle ananiuliza tulikwenda kwa avoka au kula. Ni mwanamke makini. Rosine hamlipi, serikali ndiyo inalipa, kwa kuwa ni mke aliyepigwa na daktari ameandika barua kuthibitisha dalili.

Ushma alitueleza kwamba milango iko. Mahakama ya familia inaweza kutoa amri Landry asimguse, asimtishe, asimsumbue, na akiivunja polisi wanamkamata kama mhalifu. Inaweza kutoa amri nyingine Landry atoke nyumbani, Rosine arudi na kukaa na watoto. Masharti ya dhamana yanaweza kuombewa mabadiliko. Hata yale maneno ya Landry, kwamba yeye ndiye aliyemleta kwa visa na atamrudisha Bujumbura kama mzigo, si kweli tupu: mke wa namna yake akithibitisha alivyotendewa anaweza kuomba kibali chake mwenyewe. Nilisikiliza nikifurahi moyoni. Nikafikiri, kumbe nchi hii imejenga milango yote hii kwa ajili ya mtoto wetu.

Kisha akatoa nakala ya karatasi kwenye faili.

"Mzee Albert, mwandiko hii ni ya nani?"

"Yangu."

Akaweka kalamu chini. "Basi nitakuhitaji. Na utaumia."

Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Katika kila mlango, Landry atakuwa ametangulia kufika na karatasi ile. Hakimu ataisoma. Polisi wameisoma. Mwanamke aliyekiri kwa sahihi yake, mbele ya wazee sita na muhuri, leo anasema hakupiga. Wa kuijibu ni mimi peke yangu, nikisema kwamba maneno niliyatunga, yeye hakuyatamka. Hapo watauliza kwa nini mjomba anasema leo na hakusema Machi. Na watauliza ni lini basi nilikuwa mkweli. Jibu nalitafuta tangu Oktoba, ghalani, bafuni, kanisani wakati wa maombi.

Nilikwenda kwa Mzee Daud nikamwomba wazee wengine nao waandike kwamba tulivyofanya ndivyo tunavyofanya kwa wote, kwamba karatasi zetu ni za kupatanisha na si za ushahidi. Alinipokea vizuri, akaninywesha chai. Kisha akaniambia:

"Katibu, ukisema ile ni uongo, umesema zote ni uongo. Tumeandika ndoa ngapi? Watu wanarudi nyumbani juu ya karatasi zile."

Sikumkasirikia. Ana ndoa zake anazozilinda, na nyingine ni za watoto wake. Lakini nilipokuwa nikirudi kwa basi nilianza kuzihesabu kichwani, wale kina mama waliotia sahihi mbele yangu, nikajiuliza ni wangapi walinitazama vile nami nilikuwa nimeinama naandika.

Katika yote kuna kitu kimoja kinachotusaidia, na si sisi tuliokileta. Mwezi wa tano Rosine alikwenda kliniki na jicho limevimba, akasema aliteleza bafuni. Landry alikwenda naye. Nesi aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mume anajibu maswali yote, mke anatazama sakafu. Mstari mmoja tu. Ushma ameupigia mstari mwingine chini. Yule nesi hajui Kiswahili hata neno moja, Yaya, na ameandika ukweli kuliko mimi.

Watoto, Rosine anawaona kila Jumamosi, kwa saa moja tu, katika kituo, pamoja na msimamizi. Divine anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na jana alimuuliza mama yake kama amemaliza adhabu yake. Exaucé hakutaka kushuka magotini. Msimamizi alimwondoa kwa upole sana. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali, ningepata wa kumlaumu.

Nyumbani Rosine hanilaumu. Ananipikia, ananiambia nivae soksi. Nilimwomba msamaha mara moja, akasema, "Mjomba, kula kwanza." Nikala. Ndivyo mdogo wako alivyo, hata aibu haimnyimi chakula.

Jumanne saa nne asubuhi nakwenda kutia sahihi maelezo yangu kwa Ushma. Kesi ya amri za mahakama itasikilizwa Alhamisi, tarehe 20. Ile ya polisi haijulikani lini itakwisha, wanaweza kukaa nayo miezi. Ushma haahidi chochote. Nami siwezi kukuahidi, nikikuahidi nitakuwa nimeandika tena maneno ya karatasi tu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Landry ametuma picha ya karatasi ile kwa watu wao huko. Watakuja kwako. Watakuja vizuri, na vinywaji na mzee mwenye sauti ya pole, na watakuomba kama mama ulete kosa la binti yako ili wao walete la kijana wao, mambo yaishe kifamilia. Wanaweza kukurekodi kwenye simu, na hiyo rekodi itafika hapa kabla ya tarehe 20.

Wape viti. Wape chai, tena usiipunguze sukari kwa hasira. Waulize watoto wao hawajambo. Lakini usiombe msamaha, Yaya, hata ule wa adabu unaosemwa mgeni akijikwaa mlangoni. Wakikuambia sema kidogo tu, ili wazee watoke vizuri, waambie kidogo hicho tayari mdogo wako alikisema, akakiandika kwa mwandiko mzuri, na mpaka leo mtoto wako analala kwenye kochi letu huku wanawe wako ng'ambo ya mji.

Ni hilo tu ninalokuomba. Kwa mbali ulipo na kwa upumbavu wangu nilipo, sijaona lingine ambalo sisi wawili tunaweza kulifanya.

Nisalimie Junior na mkewe, na Mama Champa wa dukani anayekukopesha unga na maneno. Rosine anakubusu mikono. Hajui nimekuandikia yote haya, mwache akueleze mwenyewe siku atakapoweza.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na siku watakapobisha hodi akupe mdomo mzito.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinitukana,

Albert