Vazi la Malkia wa Chini ya Ziwa

Kitaji,
Musoma.
14 Julai 2025

Mpendwa dada Penina,

Shikamoo dada. Habari za huko Mtwara? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama mguu haumsumbui tena, amerudi kwenye mihogo yake na hakamatiki.

Unakumbuka nilikwambia nimejiunga na kundi la wasomaji wa hadithi za Malkia Nyamera, anayetawala ufalme chini ya ziwa? Anayezitunga ni mama mmoja wa Kisorya, Yuliana, anatutumia sura moja moja kwenye simu. Ulinicheka, ukasema fundi cherehani mzima nahangaika na majini. Sasa kaa kitako nikupe habari.

Tuliamua kumwalika Yuliana, tumpokee tukiwa tumevaa kama watu wa hadithi yake. Mimi nikajitwika kazi ya kushona vazi la malkia. Kwenye hadithi ni la magamba ya samaki, na mimi sikutaka kitambaa cha kung'aa cha dukani. Nikaenda mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, kwa akina mama wanaopara sangara.

"Magamba tunatupaga," mmoja wao, Lukresia, akaniambia. "Wewe unataka kuyala?"

Lakini walinijazia ndoo. Nikayaosha kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ikaisha, nikayatia rangi ya mikeka, nikayashona moja moja juu ya neti kuukuu ya dagaa. Vidole vilitoboka, wateja wakalalamika. Lakini dada, kila nikimaliza safu nilisimama kuitazama tu, nacheka peke yangu.

Siku ilipokaribia, Machage mwenye duka la rangi za nyumba akajitolea kutulipia ukumbi na spika. Sharti lake, jina la duka liandikwe kwenye mgongo wa vazi. Benjamini, mwenyekiti wetu, akafurahi sana.

"Mgongoni tu, Rhobi. Nani ataona?"

"Yuliana ataona," nikamjibu. "Malkia wake hauzi rangi."

Wengi walininunia, wakasema najiona. Machage akajitoa, na ukumbi ukaenda naye. Chakula kilinishinda, nikiwaza nimewaharibia wote. Ndipo Gaudensia, ambaye ndiye angevaa vazi, akasema twende ufukweni Mwisenge, kwenye yale mawe makubwa. Jua halina kodi.

Dada, laiti ungekuwepo! Juzi Jumamosi Gaudensia alipopanda juu ya jiwe, jua likapiga yale magamba, akawaka bluu na dhahabu mpaka waliokuwa wanafua wakasahau nguo majini. Watoto walipiga magoti wenyewe, hakuna aliyewaambia. Akina mama wa mwaloni walikuja na aproni zao, na Lukresia akapiga vigelegele, akapaza sauti: "Hayo ni yetu! Tumeyapara sisi!" Ndani ya ukumbi, chini ya taa, tusingeona hata nusu yake.

Yuliana akasogea, akashika pindo, akapapasa magamba safu kwa safu. Kisha akasema, "Huyu nimemwandika miaka yote. Leo ndiyo namwona." Akanikumbatia, tukalia sote wawili mbele za watu bila aibu.

Benjamini alinipa mkono, akakiri nilikuwa sahihi. Hata Machage alikuja na binti yake, wakaomba kupiga picha na malkia. Tukawapanga katikati kabisa.

Watu wananiuliza nimepata nini. Niwaambie nini, dada? Kitu kizuri kimetoka kwenye mikono yangu hii hii, kizima, bila doa, na aliyekiwaza wa kwanza amekitambua. Tangu juzi napita Kitaji nikitembea kama bibi harusi!

Nisalimie sana shemeji Abraham, umbusu Gati wangu na wadogo zake. Mama na mjomba Bernado wanawasalimu wote. Mungu aikinge nyumba yenu, na kila mtakachokishika kwa moyo safi akifanye kipendeze.

Mdogo wako akupendaye mno,

Rhobi